MASHINE ZA MICHEZO ZA KALE: KIOO NDICHO KINACHOPANGA BEI

MASHINE ya mchezo wa video ya miaka ya 1980 ambayo kioo chake hakitoi picha huuzwa kwa bei ya kutupa katika masoko ya mitumba ya Marekani, na wanunuzi wenye mitaji midogo huiona kuwa nafasi nzuri ya kujipatia faida. Hata hivyo, hesabu za biashara hii zinaonyesha kuwa faida au hasara haiamuliwi siku ya kununua. Huamuliwa siku mnunuzi anapochagua kati ya mambo mawili: kutengeneza kioo cha zamani au kukitoa na kuweka kipya.

Uamuzi huo ni mzito kuliko unavyoonekana. Tyubu za picha za aina ile hazitengenezwi tena kibiashara kwa ajili ya mashine za michezo, na kila inayotupwa hupunguza akiba iliyobaki duniani. Anayeing'oa leo ili aweke kioo bapa, kisha kesho akakutana na mteja anayetaka mashine ya asili, hana duka la kwenda kununua nyingine mpya.

Makala hii inachambua gharama za kila njia, vipuri vinavyohusika, hatari zake, na aina za mashine ambazo mfanyabiashara mdogo anapaswa kuziogopa.

BIDHAA YENYEWE

Biashara ya mashine za michezo zinazotumia sarafu ilianza kushamiri Marekani baada ya kampuni ya Atari kutoa mchezo wa Pong mwaka 1972. Space Invaders ya Taito ilifuata mwaka 1978, kisha Pac-Man ya Namco mwaka 1980, ambayo huko Marekani ilisambazwa na kampuni ya Midway. Mwaka 1981 Nintendo ilileta Donkey Kong.

Mashine hizo ziliundwa kwa maelfu mengi. Asteroids ya Atari, iliyotoka mwaka 1979, iliuzwa kiasi cha mashine 70,000. Ms. Pac-Man ya mwaka 1982 ilipita 100,000 nchini Marekani peke yake. Soko lilipoanguka mwaka 1983, kumbi nyingi zilifungwa na makabati hayo yakaishia katika maghala, gereji na vyumba vya chini vya nyumba za watu.

Wingi huo ndio unaofanya soko la leo liwe na mzunguko. Michezo iliyouzwa sana inapatikana, vipuri vyake vinapatikana, na bei yake inajulikana. Wanaonunua ni watu waliokuwa watoto wakati ule na sasa wana kipato, pamoja na wenye baa wanaotaka kuvutia wateja kwa kitu cha zamani.

Kabati la kawaida lina uzito wa kilo 100 na ushei. Ndani yake kuna sehemu kuu nne: bodi ya mchezo, kifaa cha kugawa umeme, vitufe na usukani wa mchezaji, na monita. Bodi ya mchezo ni ndogo na ni rahisi kusafirisha. Vitufe ni vya bei nafuu na vipya vinatengenezwa hadi leo. Monita ndiyo nzito, ndiyo inayochakaa kwa joto, na ndiyo ambayo mnunuzi huitazama kwanza.

NINI HUHARIBIKA

Neno "monita imekufa" linamponza mnunuzi asiyejua, kwa sababu monita si kitu kimoja. Kuna tyubu ya kioo yenyewe, na kuna chasisi, yaani bodi yenye vipuri vya umeme vinavyoiendesha. Tyubu ikiwa nzima, chasisi karibu daima hutengenezeka. Tyubu ikiwa imechoka, hata chasisi mpya kabisa haiwezi kuipa nguvu.

Chasisi zilizotawala Marekani katika miaka hiyo ni chache, na hilo ni jambo jema kwa fundi. Electrohome ya Kanada ilitoa G07. Wells-Gardner ya Chicago ilitoa K4600, K4900 na baadaye K7000. Nintendo ilitumia monita za Sanyo katika Donkey Kong. Katika makabati ya Kijapani ya miaka ya 1990, kama Astro City ya Sega iliyotoka mwaka 1993, monita za kampuni ya Nanao, ambayo leo inaitwa Eizo, zilikuwa nyingi.

Kipuri kinachoongoza kwa kuharibika ni kapasita za aina ya elektroliti. Ndani yake mna maji ya kemikali ambayo hukauka kadiri miaka inavyopita, hasa penye joto. Kapasita zikikauka, picha hupinda pembeni, hunywea, hutetemeka, au hukataa kutokea mpaka mashine ipate moto.

Kinachofuata ni transfoma ya volti kubwa, ambayo mafundi wa televisheni huiita flaibeki. Hiyo ndiyo inayozalisha volti zaidi ya 20,000 zinazoiwezesha tyubu kuwaka. Ikipasuka ganda lake au waya zake zikigusana ndani, huua pia transista ya mlalo inayoiendesha, na fyuzi hukatika. Mnunuzi anayekuta fyuzi imekatika akaweka kubwa zaidi ili "ishike" hajatengeneza kitu: ameugeuza ubovu wa kipuri kimoja kuwa ubovu wa vipuri vitano, na pengine moto.

Ubovu wa tatu ni wa bure kabisa kuutengeneza. Lehemu za kwenye miguu ya vipuri vizito, na za kwenye bodi ndogo inayovaa shingo ya tyubu, hupata nyufa kwa sababu ya kupata joto na kupoa kila siku. Rangi moja inayopotea na kurudi kabati likigongwa mara nyingi ni lehemu iliyopasuka. Kulehemu upya ni kazi ya dakika chache.

KUPIMA KABLA YA KULIPA

Kuna vipimo ambavyo mnunuzi anaweza kuvifanya mbele ya muuzaji bila kugusa kitu chochote cha ndani.

Kwanza, awashe mashine na kutia sarafu. Mchezo ukitoa sauti na vitufe vikiitika, bodi ya mchezo kwa kiasi kikubwa ni nzima na ubovu uko kwenye monita. Kusipokuwa na sauti wala dalili yoyote, huenda monita haina kosa: umeme au bodi ya mchezo ndio wenye kasoro, na bei inapaswa kujadiliwa upya.

Pili, atazame kwa nyuma, kwa mbali, mwisho wa shingo ya tyubu. Katika monita nyingi za rangi, nyuzi ndogo zinazong'aa rangi ya machungwa hupata umeme wake kutoka kwenye flaibeki. Zikiwaka, maana yake sehemu kubwa ya chasisi inafanya kazi. Hiyo ni habari njema kwa mnunuzi hata kama kioo ni cheusi.

Tatu, atazame umbo la ubovu. Mstari mmoja mweupe uliolala katikati ya kioo ni hitilafu ya sehemu ya wima, ambayo kwa kawaida ni ya gharama ndogo. Picha hafifu yenye ukungu, inayochukua dakika nyingi kujitokeza, ni dalili ya tyubu iliyochoka, na hapo mnunuzi anapaswa kukaza mkoba.

Nne, azime mashine na kuangalia kioo kwa taa. Pac-Man iliyokaa ukumbini kwa miaka mingi huwa na mchoro wa njia zake umeungua moja kwa moja katika kioo. Mchoro huo hautoki. Hauzuii mashine kufanya kazi, lakini hushusha bei, na anayenunua kwa kuuza tena lazima auhesabu.

NJIA YA KWANZA: KUTENGENEZA

Kwa tyubu iliyo nzima, kutengeneza ndiyo njia ya gharama ndogo. Kifurushi cha kapasita za monita maarufu kama G07 au K7000 huuzwa kikiwa kimepangwa tayari, kwa dola 10 hadi 20 hivi. Flaibeki ni ghali mara kadhaa ya hapo. Transista ya mlalo na fyuzi ni pesa ndogo.

Kazi ya fundi ndiyo inayopanda. Kubadilisha kapasita zote za chasisi moja huchukua saa kadhaa kwa mtu makini, kwa sababu kila kapasita ina upande wake wa chanya na hasi, na moja ikigeuzwa hupasuka. Baada ya hapo volti kuu ya chasisi hupimwa na kurekebishwa kulingana na kitabu cha mtengenezaji. Kwa G07, kwa mfano, ni volti 120. Fundi anayeruka hatua hiyo huachia picha kubwa kupita kiasi na flaibeki mpya inayoungua baada ya wiki chache.

Mafundi wa Afrika Mashariki waliokulia katika televisheni za chogo hawatakuta kitu kigeni hapa. Kanuni ni ile ile, na kasi ya mistari inakaribiana sana: televisheni za mfumo wa PAL huchora kwa kilohezi 15.6, na monita za kawaida za mashine hizi kwa kiasi cha kilohezi 15.7. Tofauti kubwa ni kwamba monita haina sehemu ya kupokea matangazo; hupokea rangi nyekundu, kijani na buluu moja kwa moja kutoka kwenye bodi ya mchezo.

Jambo moja tu linaweza kumshangaza fundi wa televisheni. Chasisi kama G07 na K4600 hazina kinga yake dhidi ya umeme wa ukutani. Hutegemea transfoma ya kutenganisha iliyofungwa sakafuni mwa kabati. Anayeitoa monita na kuichomeka moja kwa moja ukutani mezani kwake hufanya chuma chote cha chasisi kiwe na umeme.

NJIA YA PILI: TYUBU NYINGINE

Tyubu ikiwa imechoka kabisa, wapo wanaotumia mashine ya kuchoma kathodi ili kuirudishia nguvu. Kwa mfanyabiashara hiyo ni bahati nasibu. Tyubu inaweza kurudi kwa miaka, inaweza kurudi kwa wiki, na inaweza kufa pale pale mezani.

Zamani kulikuwa na njia nyingine: kupeleka tyubu kiwandani ikafunguliwa na kuwekewa mtambo mpya wa kathodi. Njia hiyo imefungwa. Kiwanda cha Hawk-Eye cha Des Moines katika jimbo la Iowa, kilichokuwa cha mwisho Marekani kufanya kazi hiyo kwa tyubu za televisheni, kilifunga milango mwaka 2010. Sony ilikwishaacha kutengeneza tyubu zake za Trinitron mwaka 2008.

Kilichobaki ni kutafuta tyubu katika televisheni kuukuu. Televisheni ya ukubwa ule ule iliyotumika kidogo katika chumba cha wageni inaweza kuwa na tyubu bora kuliko ya mashine iliyowaka saa 12 kwa siku. Fundi hulinganisha umbo la kitako cha shingo, volti ya nyuzi zinazong'aa, na ukinzani wa koili za shaba zilizozunguka shingo. Koili zisipolingana na chasisi, hubidi kuhamisha zile za zamani kwenye tyubu mpya na kupanga upya rangi ili zikutane. Kazi hiyo inaweza kula siku nzima.

Faida yake ni kwamba mnunuzi wa mwisho anapata kioo chenye mbonyeo na mng'ao ule ule wa zamani, bila mchoro ulioungua. Kwa macho ya soko, mashine hiyo bado ni ya asili kwa sehemu kubwa. Wapo pia wanaofunga chasisi mpya za Kichina zinazokubali kasi ya kilohezi 15, 25 na 31, pale chasisi ya zamani ilipokosekana.

NJIA YA TATU: KIOO BAPA

Kioo bapa cha kompyuta kina mvuto wake. Ni chepesi, hakina volti kubwa, hutumia umeme kidogo, na kinapatikana popote. Hata hivyo, hakiwezi kuunganishwa moja kwa moja. Kompyuta huanzia kilohezi 31 na mashine ya kale hutoa 15, kwa hiyo lazima pawepo bodi ya kubadilisha mawimbi kati yao. Bodi za aina hiyo, kama GBS-8200, ni za bei ndogo. Ubora wake ndio unaotofautiana.

Matatizo yanafuata. Picha ya Pac-Man ina nukta 224 kwa 288. Kioo bapa cha nukta 1,280 kwa 1,024 kikisimamishwa wima hulazimika kukuza kila nukta mara nne na nusu hivi, na kwa kuwa nusu ya nukta haipo, baadhi hutoka nene na nyingine nyembamba. Mchezo wa Mortal Kombat wa mwaka 1992 hubadilisha picha mara 54.7 kwa sekunde, na kioo bapa cha kawaida hubadilisha mara 60. Matokeo yake ni picha inayoruka au kukatika wakati wa mwendo, na mchezaji mzoefu huona mara moja.

Kuna makabati ambayo njia hii haifai kabisa. La kwanza ni yale ya bunduki za mwanga, kama Time Crisis na Area 51 za mwaka 1995. Bunduki hizo husoma wakati ambapo mwale wa tyubu unapita mahali zilipoelekezwa. Kioo bapa hakina mwale huo, kwa hiyo bunduki haisomi kitu. Mnunuzi asichanganye na Terminator 2 ya mwaka 1991, ambayo bunduki zake zimefungwa kwenye mhimili na husomwa kama usukani. Hiyo hufanya kazi na kioo chochote.

La pili ni yale ya mistari, ambapo mwale hauchori kioo kizima bali hufuata umbo lenyewe, kama mtu anayeandika kwa kalamu. Asteroids, Tempest ya mwaka 1981 na Star Wars ya mwaka 1983, zote za Atari, ni za aina hiyo. Bodi za kawaida za kubadilisha mawimbi hazielewi lugha yake. Monita zake, kama G05 ya Electrohome na 6100 ya Wells-Gardner, zina mafundi wachache na vipuri vichache, na mfanyabiashara mwenye mtaji mdogo hana sababu ya kuanzia hapo.

La tatu ni Donkey Kong, ambayo imewatia hasara wengi kimya kimya. Monita yake ya Sanyo hupokea rangi kinyume na nyingine zote, hutumia volti 100, na ndani yake ndimo mlimo kikuza sauti cha mashine nzima. Anayeing'oa na kufunga nyingine hupata picha yenye rangi zilizogeuka, na mashine huwa bubu. Hubidi anunue kifaa cha kugeuza rangi na kikuza sauti kipya, gharama ambazo hakuzipanga.

HESABU KWA MFANO

Tuchukue mfano wa kubuni ili kuonyesha jinsi hesabu zinavyokwenda. Tuseme mashine isiyo na picha imenunuliwa kwa dola 400 na kusafirishwa kwa dola 150. Kabla ya bisibisi kuguswa, mtaji umekuwa dola 550. Tuseme pia kwamba mashine kama hiyo, ikiwa nzima na ya asili, inauzwa dola 900.

Njia ya kwanza: kapasita dola 15, flaibeki dola 50, transista na fyuzi dola 10, fundi dola 120. Jumla ni dola 195. Mtaji wote unakuwa dola 745 na kinachobaki ni dola 155.

Njia ya pili: kapasita dola 15, televisheni kuukuu na usafiri wake dola 30, fundi dola 180. Jumla ni dola 225 na mtaji ni dola 775. Kama mnunuzi atapunguza kidogo na kulipa dola 850, kinachobaki ni dola 75.

Njia ya tatu: kioo bapa kilichotumika dola 80, bodi ya kubadilisha mawimbi dola 40, mbao na fremu dola 40, fundi dola 60. Jumla ni dola 220 na mtaji ni dola 770. Mpenzi wa mashine za kale akiona kioo bapa na kulipa dola 750, mfanyabiashara amepoteza dola 20 na jasho lake.

Cha kuzingatia si tarakimu zenyewe, kwa sababu bei hutofautiana kwa mji na kwa mchezo. Cha kuzingatia ni kwamba gharama za njia zote tatu hukaribiana, lakini bei ya kuuzia haikaribiani. Kioo bapa hakiokoi pesa nyingi upande wa kununua, na hupunguza nyingi upande wa kuuza.

Hesabu hubadilika kwa mwenye baa. Yeye hauzi mashine, anauza muda wa kuicheza. Mashine iliyozimwa wiki tatu ikimsubiri fundi haimwingizii sarafu hata moja. Kwake kioo bapa ambacho mhudumu yeyote anaweza kukibadilisha kwa saa moja ni uamuzi wa kibiashara unaoeleweka, ilimradi monita ya zamani itunzwe ghalani pamoja na chasisi na koili zake. Siku akitaka kuuza kabati, atairudisha.

Aidha, ushindani upo. Tangu mwaka 2018 kampuni ya Arcade1Up ilianza kuuza makabati mapya madogo yenye vioo bapa kwa takriban dola 300. Mteja ambaye anataka kucheza tu, bila kujali asili, alipata mahali pa kwenda. Hivyo mashine ya kale iliyowekewa kioo bapa hushindana na kitu kipya na chepesi, wakati ile yenye tyubu haina mshindani wa kiwandani.

HATARI YA MAISHA

Hakuna faida ya dola 155 inayolingana na roho ya mtu. Tyubu ya picha hufanya kazi kama kapasita kubwa, na inaweza kuhifadhi volti zake muda mrefu baada ya mashine kuzimwa na waya kuchomolewa ukutani. Kabla ya kugusa chochote, fundi huunganisha waya kutoka kwenye bisibisi yenye mpini imara wa plastiki hadi kwenye chuma cha fremu ya tyubu, kisha huingiza ncha ya bisibisi chini ya kofia ya mpira iliyo juu ya tyubu, kwa mkono mmoja tu. Baadaye hurudia, kwa sababu chaji huweza kujijenga tena.

Hatari ya pili ni kioo chenyewe. Ndani hamna hewa, na shingo ndiyo sehemu dhaifu. Monita haibebwi kwa shingo wala haiwekwi mahali inapoweza kugongwa. Hata ikivunjika bila kumjeruhi mtu, mtaji umekwisha kwa mlio mmoja. Asiyewahi kuifanya kazi hii asijifunze peke yake kwa mashine aliyoinunua kwa mkopo.

WANAOFIKIRIA KUAGIZA

Kwa wafanyabiashara wa Tanzania na Kenya wanaoweza kuvutiwa na bei za Marekani, kuna vikwazo viwili vya kuangalia kabla ya kulipia kontena.

Cha kwanza ni umeme. Mashine hizo zimepangwa kwa volti 120, na huku ukuta una 230 hadi 240. Baadhi ya transfoma za ndani ya makabati zina nafasi ya kubadilisha waya, nyingi hazina, na transfoma ya kushusha umeme yenye nguvu ya kutosha ni gharama ya kuhesabu kwa kila mashine.

Cha pili ni sheria. Glasi ya tyubu ina madini ya risasi, na chini ya Mkataba wa Basel huhesabiwa kuwa taka hatari inapotupwa. Tangu tarehe 1 Januari 2025, taka zote za vifaa vya umeme na elektroniki, hata zile zisizo hatari, haziruhusiwi kuvuka mipaka ya nchi wanachama bila idhini ya nchi inayopokea. Tanzania na Kenya ni wanachama. Marekani si mwanachama, na mkataba unakataza biashara ya taka hizo kati ya mwanachama na asiye mwanachama pasipo makubaliano maalum. Shehena ya makabati "yenye vioo vibovu, yatatengenezwa huko huko" inaweza kutazamwa bandarini kama taka. Mashine iliyopimwa na kuthibitishwa kuwa inafanya kazi ni suala tofauti, na hati za kuthibitisha hilo ziwe tayari kabla meli haijang'oa nanga.

MATARAJIO

Mwelekeo wa soko hili hautegemei sana hali ya uchumi wa wiki au mwezi. Unategemea idadi ya tyubu nzima, ambayo inapungua tu, na idadi ya mafundi wanaozijua, ambao nao wanazeeka. Vipuri vidogo kama kapasita vitaendelea kupatikana kwa sababu hutumika katika vifaa vingine. Flaibeki hutegemea kama kuna mtu atakayeona faida ya kutengeneza nyingine. Tyubu haina mbadala.

Kwa mwekezaji mdogo anayeanza, michezo iliyouzwa kwa wingi yenye chasisi za G07 au K7000 ndiyo yenye hatari ndogo: vipuri vipo, vitabu vya ufundi vipo, na wanunuzi wapo. Makabati ya mistari na ya Donkey Kong yasubiri mpaka apate uzoefu au fundi wa kudumu. Na kila monita inayotolewa, hata iliyokufa, iwekwe pamoja na chasisi na koili zake mahali pakavu, na jina la kabati ilimotoka liandikwe juu yake. Nafasi inayochukua ghalani ni mita moja ya mraba, na kuirudisha kwenye kabati ndiko kunakoweza kuokoa tofauti ya bei siku ya kuuza.